IVUNA, AMBAKO BESI ILIVUMA KULIKO KWAYA

MSOMAJI wangu, fanya utafiti mdogo jioni ya leo. Simama kijiweni kwenu, uliza Ivuna ni nini. Mmoja atakwambia ni timu ya daraja la kwanza, mwingine atakwambia ni dawa ya minyoo, na yule mjuaji wa kijiwe atasema aliwahi kuvaa fulana yake. Lakini mtaalamu wa mawe ya angani, awe Tokyo au London, ukimtajia Ivuna atakaa vizuri kwenye kiti. Kwa wenzetu hao, Ivuna ni jina kubwa ile mbaya.

Sababu ni hii. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilitoka angani likaangukia huko. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 705 hivi, yaani hata kilo moja ya sukari hakifikii. Kumbe lilikuwa jiwe la aina adimu, lenye viungo vinavyokaribiana na vya jua lenyewe ukiondoa gesi zake. Kundi lake linaitwa CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Mawe ya kundi hilo yaliyoonekana yakianguka yakaokotwa ni matano tu: mawili Ufaransa mwaka 1806 na 1864, moja India mwaka 1911, moja Canada mwaka 1965, na hili letu. Desemba 2020 chombo cha Wajapani kiitwacho Hayabusa2 kilileta duniani vumbi la kisayari cha Ryugu, gramu tano na ushee. Wataalamu walipolipima wakasema linafanana na mawe ya kundi la Ivuna. Umeona mambo? Watu wamesafiri anga nzima na majibu yao yanaishia Momba!

Basi mimi nilifunga safari kwa ajili ya hilo jiwe. Nilitaka kuona mahali lilipoanguka, ninywe soda, nipige picha, nirudi. Lakini mwenzenu kila ninapokwenda muziki hunifuata, maana wikiendi huwa napiga besi kwenye bendi moja ya harusi. Nilichokutana nacho Ivuna ndicho kilichonifanya nikae siku tatu badala ya moja.

TUNDUMA KWANZA

Ukitoka Dar kwa basi, hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900 za barabara ya TANZAM. Ukifika huko miguu imevimba na shingo haigeuki. Huo ni Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na Tunduma ndio mdomo wake. Malori yanajipanga kama tasbihi kusubiri kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia. Ukiwa mtaani huwezi kujua mara moja upo nchi gani: shilingi na kwacha zinapishana mkono kwa mkono, na Kiswahili kinakutana na Kinyamwanga na Kibemba kwenye sahani moja ya ugali.

Mimi masikio yalikuwa kwenye muziki. Kwenye baa za mpakani utasikia kalindula, muziki wa magitaa wa Wazambia. Jina hilo asili yake ni chombo cha kienyeji cha sauti nzito, besi ya kutengeneza kwa mkono. Yaani wenzetu muziki mzima wameupa jina la besi! Kwetu sisi mpiga besi ni yule kijana mpole anayesimama nyuma karibu na ngoma, jina lake likitajwa mwisho, na watu wakiwa wamekwisha geuka kwenda kuagiza kinywaji. Mpiga solo ndiye anayetunzwa noti usoni. Lakini toka enzi za NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964, na Mlimani Park iliyokuja mwaka 1978, miguu ya wachezaji ilikuwa inafuata besi. Solo unaisikia kwa masikio, besi unaisikia kwa tumbo.

Toka Tunduma unarudi njia ya Mbeya mpaka Mlowo, ndipo unapokunja kushoto kuelekea Kamsamba. Hapo katikati, karibu na Vwawa, ndipo ilipo njia ya kwenda Kimondo cha Mbozi. Naomba usivichanganye. Kile cha Mbozi ni pande la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani kumi, limelala pale watalii wanapiga nalo picha. Kile cha Ivuna kilikuwa kijiwe cheusi cha kushika mkononi, na sehemu yake sasa ipo makumbusho ya London. Kikubwa kimebaki nyumbani, kidogo kimekwenda Ulaya kusoma.

Toka Mlowo unapita kwenye mashamba ya kahawa, baridi ya Mbozi inakupiga mpaka unajuta kutokuja na koti. Halafu barabara inaanza kuteremka, na koti hulihitaji tena. Unashuka Bonde la Ufa, bonde la Ziwa Rukwa, na joto linakupokea kama shangazi aliyekukosa muda mrefu. Lilikuwa limekaribia mwisho wa kiangazi. Vumbi, ng'ombe, mashamba ya ufuta na mpunga yaliyokwisha vunwa. Jirani yangu kwenye gari alikuwa mama mmoja aliyebeba jogoo. Jogoo alihema mdomo wazi njia nzima, na mimi vivyo hivyo.

CHUMVI YA KALE

Ziwa Rukwa halina mto wa kutolea maji. Mito inaingia, jua linanyonya, chumvi na magadi vinabaki. Ivuna nako ardhi ina chumvi, na chumvi hiyo ni ya siku nyingi. Miaka ya 1960 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba pale, na mwaka 1968 wakachapisha walichokiona: watu walikuwa wakitengeneza chumvi Ivuna tangu karne ya 13 hivi. Udongo wa chumvi unachujwa kwa maji, maji yanachemshwa kwenye vyungu, chumvi inabaki chini. Kabla Vasco da Gama hajazaliwa, Ivuna walikuwa na kiwanda.

Naitaja chumvi mapema kwa sababu mbele itatusaidia. Shika hapo hapo.

MKOROMO

Jioni ya kwanza nilikuwa nimekaa nje ya nyumba ya kulala wageni, nasubiri joto lipungue, nikasikia kwaya inafanya mazoezi. Sauti zilikuwa safi, hasa akina mama wa sauti ya pili. Chini ya hizo sauti kulikuwa na kitu kinakoroma. Siyo kuvuma kidogo, ni kukoroma kama mjomba aliyekunywa togwa kali. Wimbo ukisimama, mkoromo unaendelea. Sala inaanza, mkoromo unaendelea.

Nikafuata sauti. Nikakuta kanisa la matofali na bati, jenereta nje, spika mbili kubwa, kinanda, ngoma, na kijana wa miaka kama kumi na tisa ameshika gita la besi lenye nyuzi nne, jina la kampuni limefutika. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri hukumu.

Nikamwamkia mwalimu wa kwaya, nikajieleza. Mzee wa watu akanieleza yote. Jumapili walikuwa wanapokea kwaya tatu za wageni. Kamati ilikuwa imekwisha sema: kama besi itakoroma mbele ya wageni, Jumatatu inauzwa, na fedha inaongezwa kwenye kinanda chenye besi ndani yake. Kijana alikuwa amelima ufuta misimu miwili kuchangia besi ile. Nusu ya fedha ilikuwa yake.

"Wanasema mkono wangu mzito," kijana akaniambia pembeni. "Kaka, mkono mzito unakoroma hata ukiwa mfukoni?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Watu wanasema debe tupu haliachi kuvuma, na wakisikia chombo kinavuma wanatafuta mtu wa kumwita debe. Mimi nilichojifunza kwenye bendi ni kwamba mvumo una mahali unapotoka, na ukiuuliza vizuri unataja wenyewe. Kuna maswali matatu. Yakate uyaweke kwenye boksi la gita lako.

SWALI LA KWANZA: UKIZIMA UMEME, BADO?

Zima amplifaya, chomoa waya, piga besi kavu kavu ukiwa umeegemeza sikio kwenye ubao wake. Kama inakwaruza hata bila umeme, ugonjwa ni wa mbao na vyuma. Tulifanya hivyo, na ndiyo, uzi mnene ulikuwa unakwaruza kwenye freti tatu za mwanzo. Freti ni vile vyuma vilivyolala kwenye shingo.

Mahali unapokwaruza panakwambia kitu. Ukikwaruza uzi ukiwa wazi tu, bila kubanwa, angalia kile kidaraja cha juu karibu na funguo, mfereji wake umelika. Ukikwaruza mwanzoni mwa shingo, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kwenda nyuma. Ukikwaruza huku mwishoni karibu na mwili, daraja la chini limeshushwa sana, au shingo imepinda mno kwenda mbele. Ukikwaruza sehemu moja tu, freti inayofuata imejiinua. Na kabla ya yote, kaza skrubu zote, maana skrubu moja ya ufunguo ikilegea inaweza kukuchezea akili wiki nzima.

Shingo ya besi ni mti, na mti hunywa na kukaukiwa kama sisi. Besi ile ilinunuliwa mtumba Tunduma kwenye baridi, ikashushwa bondeni, ikapigwa kiangazi cha Rukwa. Ubao ulipokauka ulisinyaa, shingo ikanyooka kama rula. Shingo ya gita haitakiwi kuwa rula. Uzi unapopigwa unacheza kama kamba ya kuruka, katikati unahitaji nafasi.

Kipimo ni rahisi. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, halafu chungulia kwenye freti ya 7 au ya 8. Patakiwa kuwe na upenyo mwembamba, kama milimita 0.3, unene wa kadi ya harusi. Ya kijana haikuwa na upenyo hata wa karatasi ya sigara. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu kinachorekebishwa kwa ufunguo wa pembe sita, ule mafundi baiskeli wanauita alenki. Tukalegeza robo mzunguko, tukatia nyuzi sauti upya, tukaenda kunywa chai. Mti haupendi haraka. Tuliporudi tukaongeza kidogo tena. Mkwaruzo ukaisha. Robo kwa robo, ndugu yangu, wala usitumie nguvu: chuma hicho kikikatika, umenunua shingo mpya.

SWALI LA PILI: UKIZIMA MKONO, BADO?

Washa umeme sasa, usiguse kitu. Ule mkoromo mkubwa ulikuwepo pale pale. Huo haukuwa wa mbao. Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na jenereta nayo inajitahidi kufuata hapo hapo. Sasa sikiliza uchawi: noti ya G unayoipata kwa kubana uzi mnene kwenye freti ya tatu inatikisika mara 49 kwa sekunde. Mkoromo wa umeme na noti ya G ni majirani wa ukuta mmoja! Wakikutana wanagombana, sauti inayumba kama mlevi. Na kwaya ile karibu nusu ya nyimbo zao zilikuwa kwenye G. Ndiyo maana watu walidhani kijana anakosea noti. Mkono wake ulikuwa salama, G yake ndiyo iliyokuwa inapigwa na watu wawili.

Tukaanza kubana. Tukapunguza sauti kwenye besi yenyewe mpaka mwisho, mkoromo ukaisha. Kwa hiyo amplifaya na waya vilikuwa na afya, mhalifu alikuwa ndani ya besi. Nikamwambia kijana ageuke taratibu, kushoto, kulia, kama mwanamitindo. Mkoromo ukapanda na kushuka. Hiyo ni tabia ya zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi: zinadaka mtikisiko wa nyuzi, lakini zinadaka pia uchafu wa umeme hewani, hasa kutoka kwenye taa za tyubu. Besi ya namna yake ilikuwa na sumaku mbili, kila moja na kitufe chake cha sauti. Tukafungua vitufe vyote viwili sawasawa, mkoromo ukapungua, kwa sababu waya wa moja umezungushwa kinyume cha mwenzake na uchafu wao unafutana. Hiyo ni zawadi ya bure, wapiga besi wengi hawaijui.

Lakini bado ulikuwepo. Nikamwambia ashike nyuzi. Kwa kawaida ukishika nyuzi mkoromo hushuka, maana kuna waya mdogo kutoka kwenye daraja la chini la nyuzi kwenda kwenye ethi ya besi, na mwili wako unakuwa pazia. Akashika nyuzi: hakuna kilichobadilika. Akagusa chuma cha jeki: mkoromo ukashuka kama umemwagiwa maji. Hapo nikatabasamu. Waya wa daraja umekatika.

Fundi redio wa sokoni akatuazima bisibisi na pasi yake ya kuunganishia nyaya kwa risasi. Tukafungua kifuniko. Waya ulikuwepo, mweusi, umelala peke yake. Fundi akauinua akauangalia kwenye mwanga wa simu.

"Huu haujakatika," akasema. "Huu umekatwa."

Kweli. Ncha yake ilikuwa safi, imepitiwa na koleo.

SWALI LA TATU: ALIYENYAMAZISHA ALINYAMAZISHA NINI?

Msomaji, hapa ndipo hadithi ilipobadilika, na hapa ndipo naomba usome polepole. Fundi alikuwa amekwisha pasha pasi, risasi ipo mkononi, kazi ya dakika mbili. Nikamshika mkono. Nikamuuliza kijana: zamani besi hii ilikuwa na tatizo gani kabla ya kukoroma?

Akafikiri. "Zamani haikukoroma," akasema. "Ila nikisogea kuimba kwenye maiki ilikuwa inaning'ata mdomoni. Kuna fundi alipita akaifungua, akasema amemaliza. Kweli ikaacha kung'ata. Ndipo mkoromo ukaanza."

Umeelewa? Maiki ilikuwa inamrusha. Mikono ipo kwenye nyuzi, nyuzi zimeungwa na bodi ya amplifaya, midomo ipo kwenye chuma cha maiki, maiki imeungwa na mixa. Bodi hizo mbili hazikuwa na umeme sawa, na daraja kati yao alikuwa kijana mwenyewe. Fundi yule mpita njia hakutafuta kwa nini. Alikata waya unaounga nyuzi. Kung'ata kukaisha, mkoromo ukaja, ugonjwa ukabaki pale pale. Ukigusa chuma cha jeki huku umeshika maiki, bado ulikuwepo.

Kama tungeunga ule waya usiku ule, besi ingenyamaza. Mwalimu angefurahi, kamati ingefurahi, na Jumapili kijana angesimama mbele ya kwaya tatu, nyuzi mikononi na maiki mdomoni, amefungwa tena kwenye mtego ule ule.

Siyo kwamba natia chumvi. Tarehe 3 Mei 1972, Les Harvey, mpiga gita wa bendi ya Stone the Crows ya Uskochi, aligusa maiki isiyo na ethi nzuri akiwa jukwaani Swansea, Wales, huku ameshika gita lake. Akafa mbele ya watu. Alikuwa hajatimiza hata miaka thelathini.

Fundi redio akaleta mita. Mguu mmoja kwenye chuma cha maiki, mwingine kwenye bodi ya amplifaya. Ikaonyesha zaidi ya volti 90. Umeme wa kuvuja kidogo kidogo mara nyingi unang'ata tu. Lakini kifaa kikiharibika ndani, huo huo mlango ndio unaopitisha volti zote 230.

Tukafuata nyaya kwa tochi. Amplifaya ilikuwa inatumia jenereta. Mixa ilikuwa inatumia inveta ya sola, ili kubana mafuta. Ekstensheni toka kwenye jenereta ilikuwa ya nyaya mbili tu, ile pacha ya kufungia taa. Plagi ya amplifaya ilikuwa na pini tatu kama kawaida, lakini ya tatu ilikuwa haiendi popote. Ni sawa na mlinzi aliyevaa sare, kumbe amelala.

CHUMVI INALIPA

Asubuhi yake nikamwambia mwalimu wa kwaya ukweli: hapa hatuhitaji mpiga besi mwingine, tunahitaji fundi umeme mwenye leseni. Mzee hakubisha. Ijumaa mchana fundi akaja na bodaboda, amebeba rodi ya ethi yenye gamba la shaba kama mkuki wa kivita.

Kazi aliyofanya ilikuwa hivi. Ekstensheni ya pacha ikatupwa, ikaja ya nyaya tatu nene. Mixa, kinanda na amplifaya vyote vikala sehemu moja, kutoka jenereta ile ile. Waya wa tatu wa kila kifaa ukaungwa pamoja mpaka kwenye bodi ya jenereta. Hilo ndilo lililokuwa kubwa: vyuma vyote anavyoweza kugusa mtu viwe ndugu, visiwe na cha kugombania. Akaweka na ile swichi inayokata umeme wenyewe ukivuja, akaifunga inavyotakiwa na jenereta yake. Naomba usijaribu hayo mwenyewe nyumbani kwa sababu umesoma gazeti. Kazi ya umeme ina wenyewe.

Ikabaki rodi. Wapi tuichimbie? Mzee mmoja aliyekuwa akitutazama toka asubuhi, mikono yake myeupe kwa kazi ya chumvi, akanyoosha fimbo.

"Pale, mwanangu. Pale udongo unalowa hata kiangazi."

"Shikamoo baba, umejuaje kwamba tunataka pabichi?"

"Marahaba. Mimi kazi yangu maisha yote ni kujua ardhi inaficha wapi maji."

Umeme unapenda ardhi mbichi yenye chumvi kuliko mchanga mkavu. Mafundi wa sehemu nyingine humwagia rodi zao maji ipate kushika. Ivuna, ile ardhi iliyolisha watu kwa karne ilikuwa imekwisha tengenezwa. Rodi ikazama futi nne bila kelele. Fundi akatoa angalizo moja: chumvi hiyo hiyo inakula chuma, ndiyo maana akaleta ya shaba, na viungio vyake vikaguliwe kila mwaka. Chumvi inakupa kwa mkono huu, inadai kwa mkono ule.

Mita ikarudi kazini. Maiki na bodi ya amplifaya: sifuri. Ndipo nikampa fundi redio ruhusa. Akapiga msasa ncha ya waya, akaunga, moshi mwembamba ukapanda. Mita tena, maiki na nyuzi: sifuri. Tukawasha. Kijana akashika nyuzi. Kimya. Kimya kile ambacho unasikia mpaka mbuzi wa jirani.

Akapiga G. Mmoja tu, mnene. Akina mama wa sauti ya pili waliokuwa wanafagia wakasimamisha mifagio.

HATA HIVYO...

Kulibaki kelele moja. Kila akipiga A ya chini, kitu kilikuwa kinatetema juu. Tukatafuta kwenye spika, tukatafuta kwenye ngoma ndogo yenye nyaya chini, maana ngoma hizo zinaitikia besi hata bila kupigwa. Mwisho tukaona: bati moja juu ya mlango, msumari umelegea. Mwalimu akataka kijana apande agongomee.

Yule mzee wa chumvi akakataa. "Liacheni hilo. Hilo linaitikia."

Nikacheka, lakini nikamwelewa. Wagogo wanapotengeneza ilimba, kile chombo alichokipeleka duniani marehemu Hukwe Zawose, huweka kwa makusudi vitu vya kutetema, na utando mwembamba kwenye tundu, ili sauti iwe na mchanga ndani yake. Kwao sauti kavu haijaiva. Kwa hiyo siyo kila mtetemo ni ugonjwa. Kuna unaowekwa na mwenye chombo, na kuna unaokuja kukwambia jambo. Wa kwanza ufurahie. Wa pili usiunyamazishe kabla hujaujua. Na ukikuta fundi anayekwambia kata pini ya tatu ya plagi ili mvumo uishe, mlipe nauli yake aondoke.

Jumapili kwaya tatu zilikuja. Kijana alisimama nyuma karibu na ngoma, mahali pa wapiga besi wote, na kwenye wimbo wa pili akasogea kwenye maiki kuitikia. Nilimwona anasita nusu sekunde, kisha akaweka mdomo. Haikung'ata kitu. Bati la mlangoni likaitikia pamoja naye. Jumatatu besi haikuuzwa. Kamati ilijadili bei ya mafuta, maana sasa vyombo vyote vinakula jenereta.

Na jiwe? Nilionyeshwa mbuga, wazee wakaniambia lilianguka upande ule. Mbuga ni mbuga, msomaji, nyasi na ng'ombe. Nikapiga picha moja ya upepo. Mkitaka kwenda, nendeni kiangazi, maana masika tope la bondeni halina adabu. Bebeni maji ya kutosha, kofia, na mfuko wa kurudi na chumvi. Na wale wapiga magitaa, wekeni bisibisi na mita ndogo ndani ya begi. Haviongezi uzito.